Uliza Mzee wa Mipaka: Jiwe la babu lipo, limefunikwa tu

Meseji zenu za karibuni nyingi zimekuwa za jambo moja, mawe ya mipaka ya zamani yaliyomezwa na msitu. Wengine mnatafuta kwa sababu ya ugomvi wa shamba, wengine mnapenda tu kuzunguka porini kuona vitu vya kale, na wengine, hawa ndio wananiumiza roho, mnatafuta ili mchimbe. Mimi nimekuwa kwenye kazi hii tangu ujana, nikibeba vifaa vya wapima na kufyeka mikuza, yaani njia nyembamba za kupitishia mstari wa mpaka, kwahiyo nawajibu kama navyoijua kazi yenyewe. Barua zingine nimezifupisha.

Shikamoo mzee. Babu alituachia shamba huku Lushoto, upande wa juu linapakana na msitu wa hifadhi. Baba mdogo anasema mpaka uko kwenye mkuyu, watu wa misitu wanasema uko chini zaidi karibu na migomba yetu. Kuna jiwe marehemu baba alikuwa anatuonyesha tukienda kuokota kuni, sasa hivi kumeota msitu mtupu hata njia haipo. Nitalipataje? Msomaji, Lushoto.

Marahaba mwanangu. Kabla hujashika panga, jua kwanza unatafuta jiwe la nani. Huko Usambara kuna mipaka ya aina mbili na watu wanaichanganya kila siku. Kuna mpaka wa hifadhi, huo misitu mingi ya huko ilianza kuwekewa alama tangu enzi ya Mjerumani, Mwingereza akaja akaitangaza upya, na baada ya uhuru serikali ikaendelea nayo. Huo una ramani na maelezo yake kwenye tangazo la serikali, na chini ardhini una bikoni, yaani alama za mpima za jiwe au zege, au malundo ya mawe yaliyopangwa, na kwenye kona mara nyingi walichimba mitaro mifupi inayoonyesha mstari unaelekea wapi. Alafu kuna mpaka wa shamba la babu na jirani zake, huo mara nyingi hauna bikoni kabisa, una masale, ile mimea inayopandwa mpakani, una jiwe la kawaida ambalo wazee wawili walikubaliana, una mti. Sasa baba yako alikuonyesha lipi? Jiwe likiwa limechongwa pande nne, au la zege lenye namba au bomba la chuma katikati, hilo la upimaji. Likiwa jiwe la mtoni tu limesimamishwa, hilo la wazee.

Na usidanganywe na miti. Msitu unatembea jamani, shamba likiachwa miaka ishirini linakuwa msitu na kule wanakokata kila siku msitu unarudi nyuma, kwahiyo pale unapoona miti mikubwa inaanzia sio lazima mpaka uwe hapo, na jiwe kukutwa katikati ya msitu haimaanishi shamba lenu linafika huko, wala kukutwa kwenye migomba haimaanishi hifadhi imewaonea.

Utaanzia ofisini. Nenda kwa ofisi ya ardhi ya wilaya na kwa wahifadhi wa TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, wa eneo lako, omba kuona ramani ya hifadhi na maelezo ya mpaka, na hapohapo omba ruhusa ya kuingia, maana ukikutwa na panga ndani ya hifadhi bila ruhusa hakuna atakayesikiliza habari za jiwe la baba. Ikiwezekana waombe waende na wewe, wao wenyewe wanazihitaji hizo bikoni kuliko wewe.

Ukipata namba za ramani usizipige kwenye simu ukakimbia porini. Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilitumia mfumo unaoitwa Arc 1960, na simu yako inatumia WGS84, ukichukua namba za mfumo mmoja ukazitia kwenye mwingine bila kubadilisha unaangukia karibu mita 300 mbali na mahali penyewe, mita 300 kwenye milima ya Lushoto ni bonde lingine kabisa. Mpima yeyote anaweza kukubadilishia hizo namba kwa dakika chache. Angalia pia vipimo, ramani za Mwingereza zina futi, futi moja ni mita 0.3048, nimeona watu wanasoma futi 600 kama mita 600 na kuingia msituni mara tatu ya umbali unaotakiwa. Na hata namba zikiwa sahihi, simu chini ya miti mikubwa inaweza kukosea mita kumi na zaidi, kwahiyo simu inakufikisha jirani tu, kazi iliyobaki ni ya macho.

Ya macho ni hivi. Tafuta kwanza bikoni mbili ambazo hazina ubishi, hata kama ziko mbali, kisha nyoosha mstari kati yao au kutoka kwao kwa umbali ulioandikwa, ukitembea na kamba au utepe. Mstari wa zamani unaacha alama zake: miti ya umri mmoja imejipanga, kaubapa kembamba kwenye mteremko palipokuwa na mkuza, mtaro uliojaa majani lakini bado unazama mguu ukikanyaga, kovu la panga kwenye gome la mti mzee. Ukifika mahali jiwe linapotakiwa kuwa usiangalie juu ya ardhi tu. Kwenye miteremko udongo unashuka kila masika na kulifunika, kwahiyo chukua nondo nyembamba uchome taratibu, hatua kwa hatua, kuanzia palepale ukizunguka kwa nje. Jiwe linatoa mlio tofauti na mzizi, ukishasikia mara moja hutausahau. Angalia pia mashina ya miti mikubwa, mti unaweza kulikumbatia jiwe hadi likabaki kichwa tu.

Likionekana, simama. Usiling'oe, usilinyanyue hata kidogo, usilisugue kwa brashi ya waya. Maji na kitambaa vinatosha, alafu subiri jioni au tumia tochi ukiimulika kwa ubavu, herufi zilizofutika zinajitokeza zenyewe kwa kivuli. Piga picha ya jiwe, ya mazingira yake pande zote nne, na ya watu mliokuwa nao.

Hao watu ndio jambo kubwa kuliko yote niliyosema. Mwanangu, usiende peke yako. Nenda na baba mdogo, nenda na mhifadhi, nenda na jirani wa pande zote mbili na mzee mmoja wa kijiji anayekumbuka kabla watu hawajahamishwa kwenye Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Jiwe ulilolikuta peke yako ni neno lako dhidi ya la baba mdogo, atasema umelileta usiku. Mkilikuta wote, hata kama limeanguka, mpima akija ana pa kuanzia na hakuna wa kumbishia. Na kama litakutwa chini ya migomba yenu, basi kubalini, kulima ndani ya hifadhi hata miaka mingapi hakugeuki kuwa umiliki.

Mzee sisi ni vijana watano huku Muheza, tumekuta jiwe msituni lina msalaba juu na herufi ubavuni. Mtaalamu mmoja katuambia ni alama ya mali ya Mjerumani, anataka mbuzi mweusi na laki tatu ili tuchimbe salama. Tumeshachanga nusu. Wewe unaonaje?

Rudisheni hela kwa wenyewe leo hii.

Nimeyaona haya mashimo, yaani ukipanda milima ya kwenu na hata Iringa na Tabora unakuta jiwe lililosimama miaka mia moja limeng'olewa na pembeni kuna shimo la kumeza mtu, na ndani hakuna kitu. Mimi inaniuma kweli. Ule msalaba juu ya jiwe ni kitu cha kawaida kabisa kwa mpima, mistari miwili inapokatana ndipo hasa kilipo kituo anachopimia, sio pembeni ya jiwe wala katikati kwa kukisia. Herufi na namba ni jina la hiyo bikoni ili ilingane na kitabu cha mpima. Usambara Mashariki ilipimwa mapema kwa sababu kampuni za Kijerumani zilichukua ardhi ya kahawa huko miaka ya 1890, na sheria ya ardhi ya 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni ya dola, kwahiyo ilibidi waonyeshe shamba la kampuni linaishia wapi na ardhi ya wenyeji inaanzia wapi. Taasisi ya Amani nayo ikaanzishwa 1902 na eneo lake. Mawe mengi mnayoyaona ni ya shughuli hiyo. Ni ushahidi wa jinsi ardhi ya babu zenu ilivyokatwa, nyinyi mnataka kuung'oa kwa mikono yenu wenyewe.

Najua hadithi ya dhahabu inatoka wapi, na ina chembe ya kweli. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitengeneza Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke. Sarafu zipo, wakusanyaji duniani wanazijua. Ila kutoka hapo hadi kusema kila jiwe lina sanduku chini yake ni safari ndefu, fikirieni tu wenyewe, anayeficha mali atachonga jiwe, aliandike namba, alafu aichore sehemu hiyo kwenye ramani na kuipeleka ofisini?

Kuharibu alama ya upimaji kwa makusudi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na shimo la mita nne kwenye udongo mwekundu wa masika linaporomoka bila hodi. Mkitaka kufaidika na hilo jiwe, liandikeni. Pigeni picha, chukueni mahali lilipo, pelekeni kwa ofisi ya msitu na kwa mwalimu wa historia wa shule ya hapo, mkipata matano au sita mtaanza kuona mstari wa shamba la zamani ukijichora wenyewe, na wageni wanaokuja Amani kuangalia ndege na vipepeo wanalipa watu wanaojua kuonyesha vitu kama hivyo.

Habari yako mzee. Shamba ya guka (babu) iko Murang'a juu kabisa karibu na msitu wa Aberdare. Shosho (nyanya) anasema mpaka na ndugu ya guka ni itoka na mawe matatu yaliyo kwa kichaka chini ya mto. Cousin ameleta mtu na tablet, ameangalia ramani na kusema ua wetu umeingia kwao mita tatu, anataka kuukata. Nani ako sawa?

Dada, mwambie cousin aweke panga chini kwanza.

Kwenu kulipimwa wakati wa kuunganisha mashamba miaka ya 1950, hali ya hatari ikiwa bado, vipande vya kila familia vikakusanywa mahali pamoja, watu wakaambiwa wapande ua kwenye mipaka, na ramani nyingi zikachorwa kwa kufuata ua huo ukionekana kwenye picha zilizopigwa na ndege. Umeelewa ubaya wa hesabu ya cousin? Ramani ilinakili ua, yeye sasa anataka ua unakili ramani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema hiyo ramani inaonyesha mpaka kwa makadirio tu, isipokuwa kama mpaka ulishawahi kuthibitishwa rasmi. Mita tatu kwenye ramani ndogo namna ile inaweza kuwa unene wa mstari wa kalamu! Kwahiyo ubishi wa mpaka unaenda kwanza kwa msajili wa ardhi, anakuja shambani na mpima wake, anasikiliza pande mbili na wazee, ndio anaamua. Mahakama yenyewe haiwezi kuusikiliza kabla ya hapo. Na kuharibu alama ya mpaka ni kosa kwa sheria hiyohiyo.

Sasa kazi yako ni mawe matatu na itoka, na una bahati shosho bado anakumbuka. Itoka, lile ua la mpakani la Wakikuyu, ina tunguu chini, hata kichaka kikiifunika na ng'ombe wakikanyaga inatoka tena mvua ikinyesha, na huwa haijioteshei yenyewe kwa mstari. Ngoja mvua, nenda na shosho polepole au mbebwe na pikipiki hadi mnapoweza, mrekodi anavyoeleza huku anaonyesha kwa mkono, na mwite ndugu wa guka mwenyewe au watoto wake wawepo. Mkiona maua yamejipanga kuelekea mawe, usipalilie, acha vile yalivyo msajili ayakute. Kitu kingine, kama huko juu kuna ukanda wa chai ya Nyayo, ile iliyoanza kupandwa 1986 kuzuia watu wasiingie msituni, usiuhesabu kama mpaka wa shamba lenu, ule ulikuwa na shughuli yake.

Mzee wangu salamu kutoka Bayern, Ujerumani. Naishi huku na familia, wikendi tunatembea msitu wa Spessart na watoto wamependa sana kutafuta mawe yaliyosimama kati ya miti. Mengine yana herufi KB upande mmoja na KP upande wa pili, mengine yana gurudumu. Ni nini haya, na kuna ubaya kuyachimbua tuone chini?

Watoto wana macho mazuri hao, wape hongera zangu.

Gurudumu ni alama ya Askofu Mkuu wa Mainz. Sehemu kubwa ya Spessart ilikuwa mikononi mwa maaskofu hao karne nyingi, walikuwa watawala kabisa, wenye msitu na wanyama wa kuwinda, mpaka dola lao lilipovunjwa 1803. Upande wa Aschaffenburg ukaingia Bayern 1814, kwahiyo KB ni Ufalme wa Bayern. KP ni Ufalme wa Prussia, iliyochukua nchi ya jirani ya Hessen-Kassel mwaka 1866. Mkisimama kwenye hilo jiwe mguu mmoja uko Bayern na mwingine uko palipokuwa Prussia, na leo mara nyingi hapohapo ndipo unapopita mpaka wa majimbo ya Bayern na Hessen. Waambie watoto waangalie pia kichwa cha jiwe, mara nyingi kuna mfereji uliochongwa, ndio mwelekeo wa mpaka kwenda jiwe linalofuata, ukipinda na mpaka unapinda. Wakiufuata wataona jiwe baada ya jiwe.

Kuchimbua hapana, na sababu yake ni nzuri kuliko zote nilizoandika leo. Bayern kuna watu wanaoitwa Feldgeschworene, ni wanakijiji wa kawaida walioapishwa kusimamia mawe ya mipaka, sehemu zingine wanaitwa Wale Saba kwa sababu zamani walikuwa saba. Wakisimika jiwe waliweka chini yake vitu vidogo, vya udongo wa kuchoma, vya kioo au vya chuma, vimepangwa kwa namna wanayoijua wao tu. Siri hiyo wanaibeba maisha yao yote na kuwaachia wenzao kwa mdomo, hawaiandiki. Jiwe likishukiwa kuhamishwa wanachimba na kuangalia, kama vitu havipo au havijapangwa vile, mtu kalihamisha. Hawa watu wapo mpaka leo, na mwaka 2016 desturi yao iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Ujerumani ya urithi usioshikika. Kwahiyo ukichimbua unavuruga ushahidi wa watu walioweka kiapo, na kuhamisha jiwe la mpaka huko ni kosa la jinai vilevile. Nenda ofisi ya manispaa yenu uulize kama wana Feldgeschworene, wengi ni wazee na wanafurahi mtu akiwauliza, hasa mtoto. Siri hawatasema, mengine yote watakusimulia hadi jua lizame.

Mzee, mashine ya kutafutia chuma inasaidia? Na nikipata bikoni naruhusiwa kuipaka rangi ionekane? Msomaji, Morogoro.

Inasaidia kama bikoni ina nondo au bomba ndani, zile za zege nyingi zinayo. Kwa jiwe tupu ni mzigo wa bure. Ila jamani mashine hiyo msituni inawafanya watu wote wadhani unatafuta dhahabu, kwahiyo barua ya ofisi iwe mfukoni. Rangi usipake wewe, mpima au watu wa hifadhi wakitaka watapaka. Funga kitambaa chekundu kwenye mti wa jirani inatosha.

Shikamoo baba. Mimi ni mjane huku Rombo. Shemeji yangu ameng'oa masale yote ya mpaka wa kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu mume wangu, upande unaopanda msituni, na jiwe la kona amelisukumia korongoni. Anasema sina ushahidi. Nifanyeje?

Marahaba mama, na pole sana. Nimesoma barua yako mara kadhaa.

Ushahidi unao. Kwanza masale, kung'oa yote mpaka mizizi ni kazi ngumu, kipande kikibaki ardhini kinachipua tena, kwahiyo usilime huo mstari wala usiruhusu mtu alime, subiri uone yatakavyojitokeza na piga picha kila yanapochipua, tarehe ionekane. Pili, jiwe lililokaa miaka mingi linaacha shimo lake, udongo wa pale ni mlaini na una rangi nyingine. Usilifukie, lifunike kwa bati au majani ya mgomba mvua isilijaze. Tatu, lile lililoko korongoni usilirudishe mwenyewe hata ukipata vijana wa kulibeba, maana ukilirudisha shemeji atasema wewe ndiye uliyelihamisha na hapo mtakuwa sawa. Likae huko likiwa limepigwa picha.

Nne, watu. Waite majirani wa kihamba cha juu na cha chini, mwenyekiti wa kitongoji, wazee wa ukoo, hasa wale wanaojua nini maana ya kung'oa isale kwa Mchagga, mbele yao aonyeshe mpaka anaoujua yeye na wewe uonyeshe wako, mtendaji wa kijiji aandike na wote wasaini. Kama una dini ya kanisani au ya msikitini mwombe na kiongozi wako aje, maana Torati inamlaani anayehamisha mpaka wa jirani yake na Mtume naye amelaani anayebadili alama za ardhi, kuna watu wanaogopa hilo kuliko polisi.

Baada ya hapo peleka kwa baraza la kijiji na la kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kwahiyo msipokubaliana chukua cheti chao uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kama huna hela ya wakili uliza palepale kuhusu msaada wa kisheria wa bure. Usikae na jambo hili, dai la ardhi lina kikomo cha miaka 12, na wazee wanaokumbuka lile jiwe lilipokuwa wanaondoka. Anza na majirani wiki hii. Alafu nitumie picha za huo mstari wote, sio za shimo peke yake, niziangalie nikwambie pa kuwaonyesha.